Dawa ni bure, madhara yake tunayalipia wenyewe

Kwa:
Waziri wa Afya,
Mganga Mkuu wa Serikali,
Meneja wa Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma,
Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA).

YAH: WAGONJWA WA KIFUA KIKUU WANAOUMIZWA NA DAWA

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkazi wa Temeke, Dar es Salaam. Niliugua kifua kikuu, nikatibiwa, nikapona. Tangu hapo nimekuwa mhudumu wa kujitolea mtaani kwetu: napeleka vikopo vya makohozi maabara, nawafuatilia majumbani waliokosa kufika kliniki, nakaa na familia ambazo mtu wao ameanzishiwa dawa. Ninayoyaandika ni yale niliyokutana nayo katika kazi hiyo. Ombi langu ni moja. Madhara ya dawa za kifua kikuu yahesabiwe kuwa sehemu ya matibabu ya kifua kikuu: yaulizwe, yapimwe na yatibiwe bila malipo, kama unavyotibiwa ugonjwa wenyewe.

Niliseme hili mapema ili barua hii isije ikatumika vibaya. Dawa za TB zinaokoa maisha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu nusu ya watu wanaougua TB wasipotibiwa hufariki, na kwamba kwa dawa zilizopo takriban asilimia 85 wanaweza kupona. Mimi ni mmoja wa hao. Yeyote anayesoma hapa akiwa katikati ya dozi, asiache kidonge hata kimoja kwa sababu ya maneno yangu. Akiona tatizo aende kituoni leo hii, asisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.

Shida ni kwamba mara nyingi mgonjwa haambiwi hivyo. Siku ya kwanza anaambiwa kwa mkazo asikatishe dozi, kwa kuwa akikatisha atapata TB sugu. Ni kweli, na wauguzi wetu wanalisema vizuri. Inayokosekana ni sentensi inayofuata: ukiona hiki au kile, njoo hata kama si siku yako. Kwa sababu hiyo mtu anaondoka na vidonge vyenye dawa nne ndani yake, yaani rifampisini, isoniazidi, pirazinamaidi na ethambutoli, atakavyovimeza kwa miezi miwili, kisha miezi minne ya dawa mbili, akiwa na hofu ya kuacha tu. Kuhusu mwili wake mwenyewe hajafundishwa lolote.

Tuanze na jambo jepesi kabisa. Rifampisini hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya machungwa, hata nyekundu. Jasho na machozi nayo hubadilika. Hakuna ubaya wowote katika hilo, na kulieleza hakuchukui hata dakika moja. Lakini nimekutana na muuza mitumba aliyeacha dawa siku ya tatu, akiamini anakojoa damu, na hakumwambia mtu kwa aibu. Tulimkuta baada ya majuma kadhaa akikohoa upya, na katika chumba hichohicho wanalala watoto watatu.

Isoniazidi huuvuruga mwili katika matumizi ya vitamini B6, na mishipa ya fahamu ya miguu na mikono ndiyo inayoumia kwanza. Walio hatarini zaidi wanajulikana: wenye lishe duni, wajawazito, wanaoishi na VVU, wenye kisukari, wanywaji wa pombe, wazee. Ukiitazama orodha hiyo utaona ni wagonjwa wetu karibu wote. Kinga yake ni kidonge kidogo cha pairidoksini, yaani hiyo vitamini B6, kwa siku, na ni miongoni mwa dawa za bei ya chini kabisa. Hata hivyo nimeona mara nyingi mgonjwa akipewa dawa za TB mkononi, kisha kikaratasi cha kwenda kununua B6 duka la dawa. Mama mmoja anayekaanga mihogo kando ya barabara alikipokea kikaratasi hicho akakiweka kwenye pochi, kwa sababu siku hiyo alikuwa na nauli tu. Mwezi wa tatu nyayo zake zikaanza kuwaka moto usiku. Baadaye ganzi ikapanda, akawa anatembea kandambili imemvuka na yeye hana habari, mpaka mtu amwite nyuma: mama, kiatu chako. Anafanya kazi jirani na mafuta yanayochemka, waheshimiwa. Mguu usiohisi hauwezi kumlinda.

Ethambutoli ina hatari yake kwenye mshipa wa fahamu wa jicho. Mara nyingi dalili ya kwanza si giza. Rangi ndizo zinazoanza kuchanganyika, hasa nyekundu na kijani. Dawa ikisimamishwa mapema, kwa kawaida macho hurudi. Ikiendelea, uoni unaweza kupotea moja kwa moja. Fundi cherehani mmoja tunayemfahamu alianza kurudishiwa nguo na wateja kwa sababu ameshonea uzi usiofanana na kitambaa. Alidhani ni uchovu wa ugonjwa. Aliyeshtuka ni mwanafunzi wake pale kibandani. Katika ziara zake zote za kliniki alikuwa amepimwa uzito na kuulizwa kikohozi, hakuna aliyemuuliza macho. Kadi ya kusomea herufi ukutani na kitabu kidogo cha kupimia rangi vingetosha, na havihitaji daktari bingwa.

Maumivu ya viungo yatokanayo na pirazinamaidi nayapita haraka. Mara nyingi yanatulizwa kwa dawa za kawaida za maumivu, na huisha miezi miwili ya kwanza inapokwisha. Ila mgonjwa aambiwe hivyo, ili goti likivimba asidhani amerogwa.

Linaloninyima usingizi ni ini. Dawa tatu kati ya zile nne, yaani isoniazidi, rifampisini na pirazinamaidi, zinaweza kuliumiza. Kijana mmoja, dereva wa bodaboda, katika wiki za mwanzo za dozi alianza kutapika na kukataa chakula. Alikwenda kituoni akaambiwa ni maudhi madogomadogo ya dawa, yatapita, ale kwanza ndipo ameze. Alikuwa mtiifu, akaendelea kumeza. Mtu mwingine angeshtushwa na mkojo wake kuwa mweusi, lakini yeye mkojo wake ulikuwa umeshabadilika rangi tangu siku ya kwanza kwa sababu ya rifampisini, kwa hiyo ishara hiyo haikumwambia kitu. Nilipoitwa nyumbani kwao, mama yake alikuwa amemtandikia mkeka chini ya mwembe apate upepo, na weupe wa macho yake ulikuwa umegeuka manjano.

Kanuni ya kitaalamu iko wazi. Manjano yakionekana, dawa zote za TB zinasimamishwa mara moja. Hata kabla ya manjano, vimeng'enya vya ini, vinavyopimwa kwenye damu, vikipanda mara tatu ya kiwango cha kawaida kwa mgonjwa mwenye dalili, au mara tano kwa asiye na dalili, dawa zinasimamishwa. Ila ili ujue vimepanda lazima upime. Hospitali tulikompeleka, kipimo cha ini kilikuwa cha kulipia. Dripu pia. Kitanda pia. Ndugu walichangishana, jirani akaweka rehani televisheni. Madaktari walifanya kazi nzuri: walisimamisha dawa, wakasubiri ini litulie, kisha wakazirudisha moja baada ya nyingine, wakaiacha pirazinamaidi, na kwa sababu hiyo dozi ikarefushwa hadi miezi 9. Kijana yu hai. Pikipiki ilikuwa ya mkataba. Kwa kuwa hakupeleka hesabu kwa muda wote ule, mwenye pikipiki aliichukua. Ukiuliza kwenye takwimu zenu, huyu ni mgonjwa aliyetibiwa bure na kumaliza matibabu.

Hapo ndipo lilipo kusudio la barua hii. Mwaka 2014 mataifa wanachama wa Shirika la Afya Duniani, nchi yetu ikiwamo, yalipitisha mkakati wa kutokomeza TB. Moja ya malengo yake ni kwamba familia isiwepo hata moja inayofilisika kwa sababu ya ugonjwa huu, na kipimo kilichowekwa ni gharama zinazozidi asilimia 20 ya mapato ya kaya kwa mwaka. Vidonge kuwa bure ni hatua kubwa, nasi tunaishukuru serikali. Lakini nilichoona mtaani ni kwamba familia mara nyingi hupigwa na mambo ya pembeni: nauli, siku za kazi zilizopotea, kipimo cha ini, B6, miwani, kulazwa. Mpaka wa huduma ya bure umechorwa mahali ambapo dawa inaingia mdomoni. Yote yanayotokea baada ya hapo yanaangukia mfukoni mwa mgonjwa.

Kuna wanawake pia, na hili husahaulika karibu kila mara. Rifampisini hudhoofisha vidonge vya uzazi wa mpango kiasi kwamba haviaminiki tena, na hata kipandikizi hupungua nguvu. Sindano ya miezi mitatu haiathiriki hivyo. Dada anayeugua, amekonda, ana mtoto mchanga, anashika mimba katikati ya dozi kwa sababu dawati la TB na dawati la uzazi wa mpango yako vyumba viwili tofauti na hayazungumzi. Kwa wanaotumia dolutegraviri, dawa ya VVU ambayo nayo hudhoofishwa na rifampisini, sharti ni vidonge viwili kwa siku, miligramu 50 asubuhi na 50 jioni, mpaka wiki mbili baada ya rifampisini kuisha. Huku naona hali ni nzuri zaidi, kwa sababu kliniki za VVU zimezoea kumuuliza mgonjwa anavyojisikia. Kwa nini desturi hiyo isivuke korido?

Sasa niseme kuhusu wale tunaotumwa kuwatafuta. Orodha ya wasiofika kliniki inapotoka, sisi wahudumu wa jamii tunapewa majina na mitaa. Tunaambiwa tukawaelimishe. Ninapofika, aghalabu simkuti mtu mjinga wala mkaidi. Namkuta mtu aliyekuwa anatapika kila asubuhi kabla ya kwenda kibaruani, akaamua kati ya dawa na unga wa watoto. Wengine wameshafika kwa mganga wa kienyeji, kwa sababu yule angalau alikaa naye na kumuuliza miguu ilianza lini kuwaka. Huko anapewa mizizi ya kuchemsha ambayo nayo huenda ikaliongezea ini mzigo. Tunamrudisha kituoni, anakaripiwa mbele ya watu, anaanzishiwa dawa zilezile. Hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Siwalaumu wauguzi. Nimeona nesi mmoja akihudumia foleni ya TB, akijaza vitabu, akipokea simu ya wilayani, na kupima uzito, vyote kwa wakati mmoja. Anafanya kile ambacho kitabu kinamuuliza. Nami nimekiona kitabu hicho: amepona, amemaliza matibabu, tiba imeshindikana, amefariki, amepotea katika ufuatiliaji. Hakina mahali pa kuandika kwamba dawa zilimpofusha, zilimtia ganzi, zilimlaza wodini. Jambo lisilo na safu katika rejista halimfikii mratibu wa wilaya, na lisilomfikia mratibu halifiki mezani kwenu.

Linaniuma zaidi kwa sababu mtindo huo wa kuhesabu ulikulia hapahapa. Mpango wa Taifa ulipoanzishwa mwaka 1977, Daktari Karel Styblo na wenzake wa Tanzania walijenga utaratibu wa kumfuatilia kila mgonjwa tangu siku ya kuandikishwa hadi mwisho, na kutoa hesabu kila robo mwaka. Miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliuchukua utaratibu huo na kuupeleka ulimwengu mzima. Kabla ya hapo, mwanzoni mwa miaka ya 1970, majaribio yaliyoonyesha kwamba TB inaweza kutibiwa kwa miezi 6 badala ya mwaka mmoja na zaidi yalifanyika Afrika Mashariki, kwa wagonjwa wetu. Nchi iliyoifundisha dunia kuhesabu waliopona haishindwi kuongeza safu moja ya walioumia.

Na kuhesabu kunaokoa. Kulikuwa na dawa ikiitwa thiasetazoni, iliyotumika sana ukanda huu kwa sababu ya bei yake ndogo. VVU vilipoingia, wagonjwa waliokuwa na maambukizi hayo walianza kupata athari kali za ngozi, wengine wakachubuka mwili mzima na kufa. Mwaka 1991 matokeo ya utafiti uliofanyika Nairobi yalichapishwa, yakionyesha wazi uhusiano huo, na dawa ile ikaondolewa katika matibabu yetu. Iliondoka kwa sababu wapo walioandika kilichokuwa kinawapata wagonjwa.

TMDA, nyinyi mna fomu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa. Katika kituo ninachokwenda mara kwa mara, fomu hizo zimefungiwa kabatini. Ripoti zinatakiwa zitoke kituoni, zifike kwenu, na kutoka kwenu ziende kituo cha kimataifa cha Uppsala, Sweden. Mnyororo huo hauwezi kuanza iwapo mgonjwa hajui kwamba ana haki ya kuripoti na muuguzi anaogopa kwamba kuripoti ni kujishtaki.

Nimewaacha mwisho watu ambao nafikiri tuna deni kubwa zaidi kwao. Matibabu ya TB sugu yalianza nchini mwaka 2009 katika Hospitali ya Kibong'oto, wilayani Siha. Kwa miaka mingi, duniani kote, tiba hiyo ilikuwa na sindano za kila siku za kanamaisini au amikasini kwa miezi kadhaa. Sindano hizo huua chembe laini za sikio la ndani, na chembe hizo hazioti tena. Huanza mlio masikioni, kisha sauti nyembamba zinapotea, za watoto na za ndege, kisha mazungumzo. Kijana wa Afrika Kusini, Phumeza Tisile, alipoteza usikivu wake hivyo, akageuka kuwa mtetezi wa wagonjwa anayejulikana kimataifa, na yeye pamoja na Nandita Venkatesan wa India, aliyepata ulemavu huohuo, waliipinga hataza, yaani haki ya kampuni moja pekee kuitengeneza, ya bedakwilini, kidonge cha TB sugu, nchini India mpaka ombi la kuiongezea muda likakataliwa mwaka 2023. Afrika Kusini ilitangaza mwaka 2018 kuziondoa sindano hizo na kuweka bedakwilini. Shirika la Afya Duniani likafuata, na leo TB sugu inatibiwa kwa vidonge, nyingi kwa miezi 6.

Tunashukuru kwamba sindano zimekwisha. Lakini waliozipata bado tunaishi nao. Wapo Watanzania waliotoka wodini wamepona kifua na hawasikii. Walifuata kila agizo. Wengi hawana vifaa vya kusaidia kusikia, na wengine wanadhaniwa mtaani kuwa wana kiburi kwa sababu hawajibu salamu. Majina yao yamo kwenye mafaili ya hospitali. Natoa wito watafutwe kwa majina hayohayo, wapimwe masikio, wapewe vifaa kwa gharama ya serikali, na wale waliokuwa wanategemea kazi ya kusikia wasaidiwe kupata nyingine. Na vidonge vipya navyo vina madhara yake: linezolidi hushambulia mishipa ya fahamu, macho na damu, bedakwilini inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Mahali popote panapotolewa dawa hizi pawe na kipimo cha damu na cha moyo kinachofanya kazi siku hiyo, bure.

Kwa wagonjwa wa TB ya kawaida ninachoomba hakihitaji jengo jipya. Katika kila ziara mgonjwa aulizwe mambo manne: macho, miguu, tumbo, rangi ya weupe wa macho na ngozi. Majibu yaandikwe kwenye kadi yake na kwenye rejista. Bohari ya Dawa isitume dawa za TB kituoni bila B6 ndani ya oda hiyohiyo. Kipimo cha ini kiwe bure kwa yeyote aliye kwenye dozi, na mgonjwa mwenye manjano apokelewe bila kuombwa fedha kwanza. Nyuma ya kila kadi kuwe na namba ya simu inayopokelewa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inapoendelea kutekelezwa, kanuni zitaje wazi kwamba madhara ya dawa za TB yamo ndani ya huduma ya TB.

Najua fedha zimebana. Mwaka 2025 misaada ya Marekani ilipositishwa, tuliona kwa macho yetu miradi ikifunga ofisi na wenzetu wakirudishwa nyumbani. Pengo hilo ndilo linalonifanya niandike sasa na si baadaye, kwa sababu bajeti ikipunguzwa, vipimo vya madhara ndivyo vinavyokatwa kwanza bila mtu kugundua, maana havina safu.

Naomba majibu ya maandishi kabla ya Siku ya Kifua Kikuu Duniani ijayo, tarehe 24 Machi, na yabandikwe kwenye mbao za matangazo za kliniki za TB, mahali ambapo wagonjwa wenyewe watayasoma. Kama kuna lolote kati ya haya ambalo tayari limeagizwa na halijatufikia, tuambieni ni waraka upi, nasi wahudumu wa jamii tutaupeleka nyumba kwa nyumba.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mhudumu wa kujitolea na mgonjwa wa zamani wa kifua kikuu,
Temeke, Dar es Salaam.